Mifupa ya Wanawake wa Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Historia ya nchi yo yote aghalabu huandikwa kwa kufuata vita, tawala na biashara. Mara chache huandikwa kwa kufuata mwili wa binadamu, na mara chache zaidi kwa kufuata mwili wa mwanamke mzee. Ilhali mwili nao huweka kumbukumbu. Mfupa, ambao watu wengi hudhani kuwa ni kitu kikavu kilichokwisha kufanyika, ni hati inayofutwa na kuandikwa upya maisha yote: kazi aliyoifanya mtu, chakula alichokula, watoto aliowazaa na kuwanyonyesha, na miaka aliyoishi tangu hedhi ilipokoma, yote hayo huacha alama ndani yake. Makala haya yanakusudia kuisoma hati hiyo kwa wanawake wa Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na kuonyesha jinsi elimu ya homoni na uzee, ambayo ilizaliwa mbali sana na huko, inavyotusaidia kuisoma, na pia mahali inapotupoteza.

Nchi yenyewe ni bonde tambarare lililolala chini ya mlima Rungwe upande wa kaskazini na chini ya safu ya Livingstone upande wa mashariki. Mlima unakaribia meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya ziwa hayafikii meta 500. Katikati ya vimo hivyo viwili mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka na rutuba ya majivu ya volkano, na mvua ni nyingi kuliko karibu mahali pote pengine Tanzania. Wenyeji wa bonde ni Wanyakyusa, na ng'ambo ya Songwe, katika Malawi, wako ndugu zao Wangonde. Katika ukanda mwembamba baina ya ziwa na mlima wa Livingstone wanakaa Wakisi, na juu yao, katika baridi, Wakinga. Kabla ya kuja Wazungu watu hawa walikuwa wamekwisha gawana kazi: Wakinga walifua majembe ya chuma, Wakisi walifinyanga vyungu, Wanyakyusa walitoa chakula, na vitu hivyo vilibadilishwa sokoni na majumbani.

Katika mgawanyo huo mwanamke hakuwa mtazamaji. Vyungu vya Wakisi, ambavyo hata leo huteremshwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Jumamosi la Lyulilo karibu na Matema, ni kazi ya wanawake tangu kuchimba udongo, kuukanda na kuufinyanga kwa mikono bila gurudumu, mpaka kuvichoma. Mwanaume wa Kikisi huvua, mkewe hufinyanga. Nako bondeni, maji, kuni, mikungu ya ndizi na mpunga vilisafiri juu ya kichwa cha mwanamke, na baina ya kichwa na mzigo palikuwa na ngata tu. Mtu akitaka kujua mifupa ya wanawake hawa ilifanywa na nini, hana budi kuanza hapo, katika mzigo.

Ni sadfa ya ajabu kwamba mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa mashirika mawili, Wamoravian waliojenga Rungwe na wale wa Berlin walioongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa. Na mwaka uliofuata, 1892, huko huko Berlin, daktari Julius Wolff alitoa kitabu chake juu ya kanuni ya kubadilika kwa mifupa. Kanuni hiyo yasema kwa ufupi kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya nguvu inayouelemea: ukibebeshwa huongezeka, ukipumzishwa hupungua. Wolff aliandika akiwafikiria wagonjwa wa hospitali za Ulaya. Lau angeletwa Ikombe angewaona wanawake ambao kanuni yake ilikuwa ikifanya kazi ndani ya miili yao tangu utotoni, maana binti wa miaka saba tayari alikuwa na kibuyu chake kichwani akimfuata mamaye mtoni.

Kwamba wanawake wa Afrika ya Mashariki hubeba kwa ustadi si jambo la kusifiana tu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba vichwani. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo ufikao sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia hewa zaidi ya anayoitumia akitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulieleza siri ya jambo hilo: mwendo wao waenda kama timazi, nguvu ya hatua moja ikihifadhiwa kuanzisha hatua ifuatayo. Lakini ustadi una gharama yake. Picha za eksirei zilizopigwa Ghana, ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 1994, zilionyesha kwamba shingo za wachukuzi wa kichwani huchakaa mapema kuliko shingo za wengine. Mzigo ule ule unaouimarisha mfupa huula ungo wa maungio.

Hapa yapasa nisimame kidogo kwa sababu ya lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Kiswahili chetu cha kila siku husema "mifupa inauma" kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuchakaa kwa maungio, yaani magoti, kiuno na shingo, nalo huuma sana. La pili ni kupungua kwa mfupa wenyewe, ambako kwa Kilatini cha matabibu huitwa osteoporosisi, na huko hakuumi kabisa. Mfupa hupungua kimya kimya kama kuta za nyumba inayoliwa na mchwa, mpaka siku mama anapoteleza katika tope la shambani ndipo nyonga au kifundo cha mkono kinapovunjika. Au huvunjika pingili za uti wa mgongo bila kuanguka, moja baada ya nyingine, na mtu akawa mfupi na mwenye kibiongo. Hadithi zetu zimemjaza bibi kizee mwenye kibiongo na mkongojo tangu zamani, na aghalabu zimemfanya mchawi au mjanja. Sikumbuki hadithi iliyouliza kibiongo kile kilitoka wapi.

Wajerumani nao walikuja na haja yao ya mifupa, lakini haikuwa haja hii. Boma lao la Langenburg lilijengwa ufukoni mwa ziwa kabla ya kuhamishiwa milimani Tukuyu, na katika boma hilo alikaa daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn. Mwaka 1902 Fülleborn alitoa kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa nchi za Nyasa ya kaskazini, na mwaka 1906 kitabu kingine kikubwa juu ya nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma, ambacho hata leo ni hazina kwa picha na maelezo yake ya vyungu, nyumba na mavazi. Katika vipimo vile vya miili, urefu, upana wa fuvu na umbo la pua vilihesabiwa kwa milimeta ili watu wapangwe katika makundi ya kabila na rangi. Elimu ya zama hizo ilitaka kujua mtu ni wa aina gani. Haikutaka kujua mtu ameishije. Mafuvu kutoka koloni lile yalisafirishwa Berlin kwa mamia. Wachunguzi wa makumbusho ya Berlin, katika kazi yao iliyoanza mwaka 2017, walichunguza mafuvu 1,100 na zaidi yaliyotoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na kati ya hayo yapata 200 yalitoka Tanzania ya leo. Mwaka 2023 walitangaza kwamba wamewapata, kwa njia ya vinasaba, jamaa walio hai wa watu watatu wa Kilimanjaro. Nalitaja jambo hili si kwa kuchochea chuki za kale, bali kwa sababu laonyesha kwamba mfupa wa Mwafrika ulipimwa sana katika miaka ile, na bado swali la mwanamke mzee halikuingia katika daftari.

Walioingiza uzee katika daftari walikuwa wengine. Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa baina ya mwaka 1934 na 1938, na Monica alirudi mwaka 1955, baada ya kifo cha mumewe. Vitabu vyake, kuanzia kile cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, vimewafanya Wanyakyusa wajulikane na wanafunzi wa elimu ya jamii ulimwenguni kote. Wasomaji wengi hukumbuka vijana waliojenga vijiji vyao wenyewe mbali na baba zao, na sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha wazee kilikabidhi nchi kwa kizazi cha vijana. Mimi naona kwamba jambo lenye uzito kwa hoja yetu limo katika habari zake za kuzaa. Kwa mila ya Wanyakyusa kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto havikupaswa kushindana katika uzazi. Mwanamke ambaye watoto wake walianza kuoa na kuolewa alitazamiwa kuacha kuzaa, hata kama mwili wake ulikuwa bado na nguvu ya kuzaa.

Tafakari maana yake. Daktari wa leo humwuliza mwanamke: una miaka mingapi, na hedhi yako ilikoma lini? Kwa tarehe hiyo huhesabu kupungua kwa mifupa yake. Bibi wa Kyela wa mwaka 1935 asingaliweza kujibu swali la kwanza, na la pili lisingalikuwa na uzito sana kwake, kwa kuwa uzee wake ulianzia penginepo: ulianzia siku mkwe alipoingia nyumbani. Kulikuwa na saa mbili, saa ya ukoo na saa ya mwili, na hazikupiga kengele pamoja. Mwanamke wa miaka thelathini na minane angeweza kuwa amekwisha hesabiwa miongoni mwa wazee, ilhali damu yake bado ilikuwa na homoni yote ya kike inayoulinda mfupa. Alipokuja kupoteza homoni hiyo, miaka kumi baadaye, hakuna sherehe wala neno lililoashiria jambo hilo.

Saa ya mwili ilichukua muda mrefu kusomeka hata huko Ulaya na Marekani. Astley Cooper wa London aliona mwaka 1822 kwamba shingo ya mfupa wa paja huvunjika zaidi kwa wazee, na kwa wanawake kupita wanaume. Katika karne ile ile Jean Lobstein wa Strasbourg aliupa mfupa wenye vitundu jina ulilo nalo. Lakini sababu haikujulikana mpaka Fuller Albright wa Boston, mwaka 1940 na 1941, alipohesabu wagonjwa wake wenye mifupa iliyopungua kabla ya kufikia miaka 65, akakuta kwamba katika 42 walikuwamo wanawake 40 waliokoma hedhi. Akahukumu kwamba homoni ya kike, estrojeni, ndiyo mlinzi aliyeondoka. Hukumu yake imesimama. Mfupa wa mtu mzima una chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, na estrojeni huzizuia zile zinazobomoa zisivuke mpaka. Ikiondoka, wabomoaji huwashinda wajenzi, na katika miaka mitano hadi kumi ya kwanza baada ya hedhi kukoma mfupa hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wo wote.

Homoni ya ukuaji ni ndugu mdogo katika habari hii, lakini si wa kudharauliwa. Hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo pituitari, hasa usiku katika usingizi mzito, na hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuliamuru ini kutoa kichocheo kingine ambacho wataalamu William Salmon na William Daughaday walikitambua mwaka 1957. Kwa mtoto hurefusha mifupa. Kwa mtu mzima, ambaye harefuki tena, huwasukuma wajenzi waendelee na kazi. Tangu ujana kupita, homoni hii hupungua yapata sehemu moja katika saba kwa kila miaka kumi, kwa mwanaume na kwa mwanamke. Basi mwanamke hupata hasara mbili za namna mbalimbali: moja ya polepole, inayoanza akiwa bado kijana na kuendelea mpaka kaburini, na moja ya ghafula katikati ya maisha. Tena hasara hizo hazikutengana kabisa, maana estrojeni nayo huichochea pituitari. Mlinzi akiondoka, msukuma wajenzi naye hulegea.

Sasa turudi bondeni. Je, mwanamke wa Kyela aliingia katika hasara hizo mbili akiwa na akiba gani? Kwa kuwa mfupa hufikia wingi wake yapata miaka thelathini, na baada ya hapo ni kula akiba, swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Naona akiba yake ilikuwa na nguzo tatu. Mzigo nimekwisha utaja. Ya pili ni chakula: Wanyakyusa walikuwa wafugaji wa ng'ombe kama walivyokuwa wakulima wa ndizi, na maziwa ya mgando yalikuwa chakula chao, kutoka ziwani walipata usipa, samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake, ambaye kwa madini ya chokaa huishinda minofu ya samaki mkubwa kwa mbali. Mtu anayetoa miiba ya usipa kwa kuona ni adabu ya mezani anatupa sehemu iliyo bora. Ya tatu ni jua, ambalo hutengeneza katika ngozi vitamini D, na pasipo hiyo chokaa ya chakula hupita tumboni bila faida. Mwaka 2012 wachunguzi wa Uholanzi walitoa vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi za kale, na kiasi cha vitamini hiyo katika damu yao kilikuwa wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiasi ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii bila vidonge.

Kuzaa na kunyonyesha je? Wageni wengi wamedhani kwamba mwanamke aliyezaa watoto wanane na kumnyonyesha kila mmoja miaka miwili lazima mifupa yake iwe imekwisha. Kweli, wakati wa kunyonyesha chokaa hutolewa katika mifupa ya mama. Lakini mtoto akiachishwa, mfupa hurudisha ulichokopesha. Alexander Walker na wenzake waliwachunguza akina mama wa Afrika ya Kusini na mwaka 1972 wakaeleza kwamba wingi wa mimba haukuipunguza mifupa yao. Katika Gambia, Terry Aspray, Ann Prentice na wenzao walitoa mwaka 1996 matokeo ya ajabu zaidi: wanawake wazee wa vijijini walikuwa na mifupa yenye madini machache kuliko wanawake wa Uingereza, lakini kuvunjika kwa mifupa kulikuwa nadra miongoni mwao. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Louis Solomon alikuwa amekwisha onyesha kwamba nyonga za wanawake weusi wa Johannesburg zilivunjika mara chache kupita za wazungu.

Kutokana na habari kama hizi ulizaliwa usemi unaorudiwa mpaka leo katika madarasa ya udaktari, kwamba mwanamke wa Kiafrika haugui ugonjwa wa mifupa. Mimi naukataa usemi huo, na naukataa kama mwanafunzi wa historia. Kilichopimwa Johannesburg na Gambia kilikuwa maisha, si rangi. Walikuwa wanawake waliotembea, waliobeba, walioota jua, na ambao wengi wao hawakuishi hadi miaka themanini, umri ambao nyonga huvunjika kwa wingi. Kuyachukua maisha hayo na kuyafanya kuwa tabia ya damu ni kurudi kwa Fülleborn kwa mlango wa nyuma. Maisha hubadilika, na yakibadilika, kinga waliyopewa kwa maneno haitawalinda.

Nayo Kyela imebadilika tangu zamani, hata kabla ya wazee wetu wa leo kuzaliwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki. Kisha ilikuja kodi, na kodi ikawafukuza wanaume kwenda kutafuta fedha: kwanza katika dhahabu ya Lupa, kaskazini ya Mbeya, baadaye katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na dhahabu ya Afrika ya Kusini. P. H. Gulliver, aliyeichunguza safari hiyo na kuandika juu yake mwaka 1957, alikuta ni jambo la kawaida kwa kijana wa Kinyakyusa kwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia. Wengi hawajui kwamba katika Unyakyusa wa kale kulima kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume na wavulana. Wanawake walipanda, walipalilia, walivuna na kubeba. Mwanaume akiwa chini ya ardhi ya Johannesburg, jembe halikumsubiri. Hivyo mama na bibi waliongezewa kazi ya jembe juu ya kazi ya kichwa, na mpunga, ulioenea bondeni kwa ajili ya soko, ulileta kazi zake za kuinama: kupalilia ndani ya maji, kuamia ndege, kuvuna, kupura, kutwanga. Wakati huo huo ardhi ilipungua, kama Gulliver alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1958, na palipo mpunga ng'ombe hana malisho. Kazi ikaongezeka na maziwa yakapungua. Nguzo moja ikanenepa, nyingine ikaliwa.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Mashine za kukoboa zimekipumzisha kinu, pikipiki hubeba magunia, na bomba mahali lilipofika limeufanya mto kuwa mahali pa kufulia tu. Sisemi akina mama warudishwe kwenye mchi. Mtu asemaye hivyo hajatwanga. Nasema kwamba mwili uliojengwa na mzigo hujua mzigo ulipoondoka, na binti anayekaa darasani na ofisini atafika miaka thelathini akiwa na akiba tofauti na ya nyanya yake. Hatakuwa na sababu ya kuutegemea usemi ule wa madarasani.

Wengine wamedhani dawa imo katika homoni yenyewe. Habari hii yafaa ielezwe, kwani ina mafunzo kuliko mafanikio. Homoni ya ukuaji ya binadamu ilipatikana safi mwaka 1956 kwa kazi ya Choh Hao Li na Harold Papkoff huko California, na mwaka 1958 Maurice Raben alieleza jinsi kijana mmoja aliyedumaa alivyorefuka kwa sindano zake. Kwa miaka yapata 27 homoni hiyo ilikamuliwa katika tezi za maiti, mpaka mwaka 1985 ilipojulikana kwamba baadhi ya watoto waliochomwa sindano hizo walikufa kwa maradhi ya ubongo waliyoambukizwa na maiti zile. Mwaka huo huo ikaruhusiwa homoni iliyotengenezwa kwa bakteria. Mwaka 1990 Daniel Rudman wa Wisconsin alitangaza kwamba aliwadunga sindano wazee 12 kwa miezi sita, na mfupa wa kiuno ukaongezeka kwa 1.6 kwa mia. Magazeti yalishangilia kana kwamba ujana umepatikana dukani, na wauzaji wanashangilia hata leo. Lakini wazee wote 21 wa uchunguzi ule, waliodungwa na wasiodungwa, walikuwa wanaume. Mwanamke, ambaye mfupa wake ndio unaovunjika zaidi, hakuwamo.

Alipoingizwa, matokeo yalikuwa mazito zaidi kupimika. Mwaka 2002 Marc Blackman na wenzake walitoa habari za wanawake 57 na wanaume 74 wenye miaka 65 hadi 88: miili ilipata nyama na kupoteza mafuta, lakini wengi walivimba miguu na kuumwa viganja, na baadhi ya wanaume sukari ilipanda katika damu. Uchunguzi wenye subira zaidi ulifanywa Gothenburg, Uswidi, kwa wanawake 80 wa miaka 50 hadi 70 waliokuwa tayari na mifupa iliyopungua. Walidungwa kwa muda wa hadi miaka mitatu, wakafuatwa miaka kumi, na habari ya mwisho ikatolewa mwaka 2015: kabla ya dawa 56 kwa mia kati yao walikuwa wamevunjika mfupa, katika miaka iliyofuata waliovunjika walikuwa 28 kwa mia. Haya si matokeo ya kubezwa. Lakini ni wanawake 80 tu, katika nchi tajiri, nao walipewa pia chokaa na vitamini D, na walikuwa na daktari wa kuwatazama kila mara. Estrojeni nayo, ambayo Albright aliitabiri, ilipimwa Marekani kwa wanawake 16,608 pamoja na homoni ya pili, na mwaka 2002 uchunguzi ukasimamishwa: kuvunjika kwa nyonga kulipungua kwa theluthi moja, lakini saratani ya matiti iliongezeka kwa 26 kwa mia. Kila homoni inayorudishwa hurudi na deni lake.

Kwa mwanamke wa Kyela kuna deni jingine ambalo vitabu vya Boston na Gothenburg havikulifikiria. UKIMWI uliipiga wilaya hii kwa nguvu, iliyo njiani kwenda mpakani, na ukawaacha wajukuu mikononi mwa bibi zao. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walimfundisha Kristen Hawkes, katika miaka ya 1980, kwamba mwanamke aliyekoma kuzaa ndiye mchimbaji mizizi hodari kuliko wote, na kwamba chakula chake huwaokoa wajukuu. Kwa hoja hiyo alieleza kwa nini binadamu mwanamke huishi miaka mingi baada ya hedhi. Kyela haikuhitaji kusoma hoja hiyo. Bibi wa miaka sitini alirudi mtoni na shambani kulea kizazi cha pili, akiwa na mifupa iliyokwisha poteza walinzi wake wote wawili. Nao wagonjwa walionusurika kwa dawa wanazeeka, jambo la kumshukuru Mungu. Ila tenofovia, iliyomo katika vidonge wanavyomeza kila siku, hupunguza mfupa, hasa katika mwaka wa kwanza. Mwanamke anayeimeza akiwa na miaka hamsini huipokea hasara hiyo katika msimu ule ule estrojeni yake inapoondoka.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee tangu miaka 60 na kumwahidi matibabu. Nyonga iliyovunjika haitibiwi kwa ahadi wala kwa kidonge; yataka mpasuaji, chuma na damu, na kwa mtu wa ufukoni maana yake ni kupandishwa milima ya Tukuyu mpaka Mbeya, amelala, katika barabara yenye kona. Mwanamke asiyepasuliwa hulala kitandani, na anayelala kitandani hupoteza mfupa kila juma, sawasawa na kanuni ya Wolff. Kabla ya siku hiyo, hata hivyo, liko jambo dogo ambalo mganga wa zahanati aweza kulifanya bila mashine yo yote: kumpima bibi urefu kila mwaka na kuuandika katika kadi yake. Urefu ukipungua sentimeta tatu au nne, pingili zimeanza kubomoka, na pana nafasi ya kumpa chokaa, kumwambia aendelee kula usipa mzima, na kuwataka wajukuu wakachote maji wao.